Kuku Halali, Mlaji Halali

Ndani ya stesheni ya Stratford hutaona tangazo la baga wala la soda ya sukari. Tangu Februari 2019 mamlaka ya usafiri ya London, TfL, imepiga marufuku matangazo ya vyakula vyenye mafuta, chumvi na sukari nyingi kwenye treni, mabasi na vituo vyake. Lakini toka nje saa tano usiku, vuka barabara uelekee jengo la zamani la maduka, lile lisilofungwa usiku kwa sababu katikati yake inapita njia ya umma, na pua itakupa tangazo ambalo macho yamenyimwa. Kuku wa kukaanga, chipsi, siki. Wengi wetu chakula cha usiku tunakila hapo, tumesimama, mkoba wa vitabu begani.

Kaka mmoja wa chama chetu, mzaliwa wa Tanga, ndiye aliyetunga mzaha ambao nimeuazima kuwa kichwa cha makala haya. Usiku mmoja wa Oktoba alisimama chini ya bango la duka linalotangaza kuku halali, akanyoosha kidole juu, kisha akajigusa kifua: "Kuku halali, mlaji halali." Wenzetu wa mwaka wa kwanza hawakucheka mara moja. Ilibidi mtu awaeleze kwamba lile la pili ni kitenzi, kulala katika ukanushi, ndipo kicheko kikaanza upya. Hatukujua kwamba alikuwa anatoa taarifa. Wakati ule alikuwa hajapata usingizi wa usiku mzima kwa wiki sita hivi. Baada ya hapo hakuonekana mikutanoni hadi muhula ukaisha.

Naandika haya kwa ruhusa yake. Ameomba tu nisimtaje jina.

Tulipompigia simu alijibu neno lilelile: "Nimechoka tu." Mama yake, aliyekuwa akizungumza naye kila Jumapili, alimwuliza mmoja wetu, "Mwanangu ana mawazo?" Swali hilo huwashangaza wanaojifunza lugha yetu, kwa kuwa kwao kuwa na mawazo ni sifa ya mwanafunzi. Kwetu mtu akisemwa kwamba ana mawazo, jamaa huanza kupanga safari ya kwenda kumwona. Lipo neno la kitaalamu, sonona, na wanaosoma saikolojia hulitumia bila kusita, lakini mimi sijawahi kumsikia mama mtu mzima akilitamka. Husema moyo mzito. Husema hana raha, halali, chakula hakipiti.

Kwa kaka yetu chakula kilipita, tena kingi. Nilimwomba anikumbushe alivyokula katika wiki moja ya Novemba, akanisomea kutoka kwenye risiti na kumbukumbu za simu. Tambi za kikombe za kumwagia maji ya moto, mara tano. Vipande vya kuku vilivyopakwa chenga za mkate, pamoja na chipsi, mara nne. Mkate mweupe wa kukatwa tayari, na soseji. Biskuti zilizokuwa zikigawiwa kazini. Makopo saba ya kinywaji cha kuongeza nguvu, tunachokiita enaji. Wali alipika mara moja, Jumapili, akala na mchuzi wa kopo. Viza ya mwanafunzi inamruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, na saa zake zote zilikuwa za usiku, katika ghala la kupakia mizigo.

Je, chakula kile ndicho kilichomnyima usingizi na raha? Nilianza kusoma nikidhani jibu litakuwa ndiyo au hapana.

Kwanza niwatetee wasindikaji, maana katika mkutano wetu wa Januari dada mmoja alisema kwa hasira kwamba "chakula kilichosindikwa" kitafutwe kabisa, na mwalimu wetu akamwuliza kama atafuta na mtindi. Dagaa wa Mwanza waliokaushwa juani wamesindikwa. Unga wa muhogo umesindikwa, na jibini, na nyama iliyobanikwa kwa moshi. Bibi zetu walisindika maisha yao yote. Mkulima wa mahindi anaijua ngazi ya kwanza ya tatizo bila kusoma popote, kwa sababu ana maneno mawili pale ambapo Waingereza hutumia maelezo: dona, mahindi yaliyosagwa mazima, na sembe, yaliyokobolewa kwanza, pumba na kiini vikaenda kwa mifugo. Sembe ni nyeupe, laini na ya heshima. Kilichoondoka ni nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini.

Sembe, hata hivyo, bado ni mahindi. Ngazi ya juu kabisa ni nyingine. Mwaka 2009 Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazil, alipendekeza vyakula vipangwe kwa kadiri vilivyotengenezwa, badala ya kuhesabu mafuta na sukari peke yake. Yeye na wenzake wakaja na mafungu manne, na mpango huo unaitwa NOVA. Fungu la nne ndilo linalopigiwa kelele leo: vitu vinavyoundwa kiwandani kwa wanga, sukari na mafuta vilivyokwisha kutengwa na chakula chake cha asili, vikatiwa rangi, ladha za kubuni na dawa za kuvifanya laini na vya kudumu rafuni. Nitaviita vyakula vya kiwandani, kwa ufupi. Katika Uingereza vinatoa zaidi ya nusu ya nishati ambayo watu hupata katika chakula chao. Kwa mpango huo chipsi mayai ya Dar es Salaam, viazi vimemenywa pale pale mbele yako, haimo katika fungu la nne, hata kama daktari wa moyo hatakupongeza kwa kuila kila siku. Vipande vya kuku vya kaka yetu vimo.

Sasa ushahidi. Februari 2024 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha mapitio makubwa yaliyokusanya tafiti zilizohusisha watu karibu milioni 10. Waliokula zaidi vyakula vya kiwandani walikuwa na uwezekano wa kuwa na matatizo ya wasiwasi uliozidi wa wenzao kwa asilimia 48. Hatari ya kupata sonona ilizidi kwa asilimia 22, na uwezekano wa matatizo ya usingizi kwa asilimia 41. Takwimu hizo zilisambaa sana. Kuna jambo moja ambalo halikusambaa nazo: nyingi ya tafiti hizo huwatazama watu jinsi walivyo, hazibadilishi chakula chao. Mtu mwenye huzuni hapiki. Asiyelala hununua kitu kitamu. Ukimkuta ana huzuni na ana pakiti ya biskuti mkononi, hujui kipi kilitangulia.

Kwa hiyo nikatafuta majaribio, yale ambayo watu hupewa chakula kisha hupimwa. Ni machache na ni madogo, lakini yanasema zaidi.

Kuhusu usingizi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichapisha mwaka 2016 jaribio la watu wazima 26 waliolala maabara. Siku walizopewa chakula kilichopangwa na wataalamu wa lishe walisinzia baada ya dakika 17 kwa wastani. Siku waliyojichagulia wenyewe, dakika 29. Waliokula nyuzinyuzi chache, sukari nyingi na mafuta mengi ya aina inayoganda walilala usingizi mwepesi zaidi, wenye kushtuka-shtuka. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, kilitoa matokeo ya vijana wa kiume 15 waliokula kwa wiki moja chakula chenye mafuta na sukari nyingi, na kwa wiki nyingine chakula bora. Saa za kulala hazikupungua. Kilichopungua ni nguvu ya yale mawimbi ya polepole ya ubongo yanayoambatana na usingizi mzito, ule wa fofofo. Kaka yetu aliposikia habari hii alikaa kimya, kisha akasema kwamba ndivyo hasa ilivyokuwa: mchana alikuwa akilala saa saba, na akiamka ni kama alikuwa amefumba macho tu.

Enaji ina hesabu yake. Kopo la nusu lita la aina zinazouzwa sana lina kafeini miligramu 160 hivi, yaani kama vikombe vitatu au vinne vya chai ya rangi. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba miligramu 400 zikinywewa saa sita kabla ya kulala bado hupunguza usingizi kwa zaidi ya saa nzima. Makopo mawili kwa usiku mmoja hayafiki mbali na hapo.

Kuhusu hali ya moyo, jaribio linalotajwa zaidi linaitwa SMILES, lililoongozwa na Felice Jacka wa Chuo Kikuu cha Deakin, Australia, na kuchapishwa mwaka 2017. Watu 67 wenye sonona, wengi wao wakiendelea na dawa au ushauri nasaha, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilikutana na mtaalamu wa lishe, wakahama kutoka vyakula vya kiwandani kwenda kwenye maharage, mboga, samaki, nafaka nzima na mafuta ya zeituni. La pili lilipata mtu wa kuzungumza naye kirafiki, muda uleule. Baada ya wiki 12, asilimia 32 ya kundi la chakula hawakuhesabika tena kuwa na sonona. Kundi la mazungumzo, asilimia 8. Ni jaribio dogo, na washiriki walijua wamo kundi gani, jambo linaloweza kuwapa matumaini peke yake. Hata hivyo, miongoni mwa yote niliyosoma, hili ndilo lililonifanya niache kudhani kwamba habari ya chakula na huzuni ni maneno ya wauza vitabu.

Niseme pia nisilokubali. Utasikia kwamba kwa kuwa asilimia 90 hivi ya serotonini ya mwili hutengenezwa tumboni, basi tumbo ndilo linalotengeneza furaha. Serotonini ya tumboni haivuki kuingia kwenye ubongo. Ubongo hujitengenezea yake. Njia zinazochunguzwa kwa makini ni nyingine, hasa ile ya mwili kuwaka ndani kwa ndani, hali ambayo madaktari huiita inflamesheni. Baadhi ya wagonjwa wa sonona hukutwa na dalili zake damuni.

Na hapo ndipo ushahidi ulionigusa zaidi ulipotokea, si London wala New York, bali Moshi. Aprili 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha jaribio la Godfrey Temba wa chuo kikuu cha KCMC na wenzake wa Radboud, Uholanzi. Washiriki walikuwa wanaume 77 wenye afya. Wa vijijini, waliozoea vyakula vya asili vya Kilimanjaro, yaani ndizi, maharage, mboga za majani na nafaka nzima, walipewa kwa wiki mbili chakula cha mtindo wa Kimagharibi. Wa mjini wakafanya kinyume chake. Wengine wakanywa mbege, ile ya ndizi na ulezi, kwa wiki moja. Waliohamia chakula cha Kimagharibi walipandwa na protini za inflamesheni damuni, na chembe zao za kinga zikawa hafifu mbele ya vijidudu. Waliorudi kwenye chakula cha asili walielekea upande wa pili, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Jaribio lilihusu kinga na kemia ya damu. Usingizi na huzuni havikuwa swali lake. Lakini wiki mbili! Sisi tunakaa hapa miaka mitatu.

Nimesema nilitafuta ndiyo au hapana. Nilichokipata ni mduara. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Chicago kiliwalaza vijana 12 wa kiume saa nne tu kwa usiku mbili, wakapima homoni zao: ile ya kushiba ilishuka kwa asilimia 18 na ile ya njaa ikapanda kwa asilimia 28, na vijana wakatamani zaidi vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake, huko Marekani, waliwaruhusu watu wazima 20 kula wapendavyo. Kwa vyakula vya kiwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku kuliko kwa chakula cha kawaida. Ukiziunganisha unamwona kaka yetu: hajalala, kwa hiyo ana njaa isiyo ya tumbo, anakula kile kinacholiwa bila kutafuna sana, usingizi unakuwa mwepesi, anakunywa enaji apite usiku. Kesho inaanza ilipoishia jana.

Tena kuna saa ya kula. Mwaka 2022 watafiti wa Boston waliwaweka watu 19 maabara katika ratiba ya kuigiza zamu za usiku. Waliokula mchana na usiku walipandwa na hali ya kama sonona kwa asilimia 26 na wasiwasi kwa asilimia 16. Waliofanya zamu zilezile lakini wakala mchana tu hawakubadilika. Nililisoma hilo mara mbili.

Kwa hiyo tumwambie nini mtu kama huyu? "Kula vizuri"? Hilo analijua. Amekulia nyumba ya mbaazi za nazi na samaki wa kuchemsha, na anaweza kupika kuliko mimi. Hapa ana chumba katika nyumba ya watu sita wenye jiko moja, na mwenye nyumba amebandika karatasi ukutani kwamba kupika mwisho saa tatu usiku. Zamu yake ilikuwa ikiisha saa kumi na mbili asubuhi. Na yeye ana nafuu: wilaya hii ya Newham ina kiwango kikubwa kuliko chote Uingereza cha familia zilizowekwa katika makazi ya muda, na baadhi yao wana birika na tanuri ya maikrowevu tu. Mtu asiye na jiko asihubiriwe maharage.

Bei nayo inasemwa kuwa kikwazo, lakini hapo nina ubishi kidogo. Panda basi hadi Upton Park, ingia Queen's Market pale Green Street. Bamia, mihogo, ndizi za kupika, mchicha, nazi, samaki wa kila namna, na wauzaji wanaokuita dada au mjomba kwa lugha kumi. Mwaka 2006 taasisi ya New Economics Foundation ililinganisha bei na kukuta manunuzi ya sokoni yakigharimu karibu nusu ya yale ya supamaketi iliyo jirani. Soko hilo lilikaribia kubomolewa. Wakazi walilipigania kwa miaka, na mwaka 2009 Meya wa London akaukataa mpango wa kujenga mnara wa ghorofa mahali pake. Chakula cha bei nafuu kipo, basi. Kilichokosekana kwa kaka yetu ni saa mbili za kukipika na mahali pa kukipikia.

Dada mmoja kutoka Mombasa, anayekaa Forest Gate na mwenye jiko lake na friza kubwa, ndiye aliyelikata jambo hili kwa vitendo wakati sisi wengine tukijadili. Jumapili moja ya Januari alipika maharage ya nazi kilo mbili, akayagawa katika mikebe minane, akampelekea kaka mlangoni pamoja na chupa ya kutunzia joto. Hakumpa hotuba. Alimwambia, "Kaka, hii kula kabla ya kwenda kazini, saa kumi na mbili jioni. Usiku ukiona njaa, kula chungwa." Wiki iliyofuata walikwenda wanne kupika. Sasa ni kila Jumapili, na mchango ni pauni 3 kwa mtu.

Nisingependa mtu aelewe kwamba maharage yalimponya. Mwezi uleule alibadilishiwa zamu, akawa anamaliza saa nne usiku. Aliacha enaji. Alimwona daktari, akajiandikisha kwa huduma ya serikali ya ushauri nasaha iitwayo NHS Talking Therapies, ambayo mtu mzima yeyote anayeishi England anaweza kujipeleka mwenyewe bila barua. Nani ajue kipi kilifanya nini? Yeye mwenyewe anasema lililomsaidia kwanza ni mlango kugongwa. (Kwa aliye katika hali mbaya usiku huu: piga 111 kisha uchague 2, au Samaritans 116 123, bila malipo, saa zote.)

Alirudi mkutanoni Februari. Alikuwa amepungua, na alikuwa amebeba sufuria ya mbaazi, ambayo mfuniko wake ulifungwa kwa kanga ya dada wa Mombasa ili isimwagike ndani ya treni. Tuliuliza kama analala. Akasema siku nne kwa wiki, vizuri, zilizobaki, mang'amung'amu. Tukauliza kama amewaacha kuku wa pale stesheni. Akasema hapana, kila Ijumaa hupita, ila siku hizi ni mabawa mawili tu, na ni saa moja jioni, jua halijapoteza kabisa mwanga wake kama ni kiangazi. Tukamkumbusha kwamba ilikuwa Februari.